Sisimizi walivyotuzimia friza: Wadudu, panya na stima katika nyumba za Kwale

ILIKUWA Alhamisi usiku, mvua za masika zimekolea, na mama alikuwa amenunua samaki wa kuuza wikendi nzima: changu, tafi, pweza wawili wakubwa na kilo kadhaa za kolekole. Kwetu upande wa Msambweni, friza ndiyo duka. Juu yake kuna kitambaa cha maua, ndani yake kuna samaki wa wateja na barafu za ukwaju za watoto wa shule, na ukichimba hadi chini kabisa unakuta karo ya mdogo wangu.

Alfajiri mama alipoinua kifuniko, harufu ndiyo iliyomwamkia. Taa za nyumba zilikuwa zinawaka, redio ya jirani inaongea, kale kataa ka kijani cha plagi kanaonyesha stima ipo. Friza yenyewe imenyamaza jii. Mimi nikafanya lile ambalo kijana yeyote wa nchi hii angefanya: nikasema stima ilipotea usiku, ikarudi na nguvu nyingi, ikachoma kompresa. Kesi kwisha.

Fundi alifika saa nne, mzee wa makamo mwenye begi la bisibisi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mmechomoa ukutani? Chomoeni kwanza, tuongee baadaye.”

Akaigeuza friza, akafungua kifuniko kidogo cha plastiki kilicho ubavuni mwa kompresa, akatoa kidude cha ukubwa wa kiberiti na kukipigapiga kwenye kiganja. Kilichomwagika kilifanana na majani ya chai.

“Hiyo kutu, mzee?” nikauliza.

“Kutu gani, mwanangu. Hawa ni sisimizi.”

Walikuwa mamia, wote wamekufa, wamejibana kwenye nafasi ambayo vipande viwili vya shaba hukutana ili kompresa iwake. Vipande vilitaka kugusana, maiti za sisimizi zikakaa katikati. Kompresa haikuwa imeungua. Ilikuwa nzima kabisa, inangoja tu kuambiwa iamke. Fundi alibadilisha kidude, friza ikanguruma, mama akasema alhamdulillahi. Samaki tuliwafukia chini ya mkorosho.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyenunua gari jekundu akaanza kuyaona magari mekundu kila mahali. Kila fundi wa stima niliyekaa naye Ukunda, kila jamaa anayetengeneza eisii za nyumba za wageni kule Diani, ana kisa chake cha mdudu au panya. Na hasara mara nyingi inamwangukia mtu mdogo: mwenye kinyozi, mwenye saiba, mama wa samaki.

Sasa, sisimizi wanatafuta nini ndani ya friza? Si baridi, maana wao wako nyuma, kwenye joto. Kompresa hutoa joto, inveta hutoa joto, ruta ya intaneti inayowaka usiku na mchana ni kama kitanda kilichopigwa pasi. Ardhi ikilowa Aprili na Mei, shimo lao likajaa maji, wanabeba mayai na kupanda juu kutafuta mahali pakavu, penye giza na vuguvugu. Ukitazama kisanduku cha swichi kwa macho ya sisimizi, hiyo ni nyumba ya kupanga isiyo na mwenyewe.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonishangaza. Sisimizi mmoja akipigwa na stima, kabla ya kufa hutoa harufu ya kuwaita wenzake, ile ile anayoitoa akivamiwa na adui. Wenzake wanakuja kupigana. Nao wanapigwa shoti, nao wanaita. Ndiyo maana hukuti sisimizi watatu ndani ya swichi. Unakuta ukoo mzima. Kule Texas, Marekani, kuna aina ya sisimizi wageni waliogunduliwa karibu na Houston mwaka wa 2002, ambao wamekuwa balaa kwa mashine za eisii, pampu na hata kompyuta kwa njia hii hii.

Pampu nikizitaja, mwenye kisima anajua. Nyumba nyingi kuanzia Tiwi mpaka Msambweni zinavuta maji ya kisima kwa pampu yenye swichi ya presha: maji yakipungua kwenye tangi la presha, vipande vya shaba vinagusana na pampu inawaka. Mahali hapo pana sisimizi kila msimu wa mvua. Maji yakikatika ghafla na stima ipo, kabla hujamwita mtu wa kuchimba kisima upya, mwite fundi afungue kile kikofia.

(Nisije nikaeleweka vibaya: simsemi maji moto, yule mwekundu wa kwenye minazi na mikorosho. Yule anajenga kwa majani, na mkulima anamhitaji kwa sababu anawala wadudu wanaoharibu nazi changa. Muache na mnazi wake.)

Mjusi, dondora na mende

Diani adui mkuu si sisimizi, ni mjusi wa nyumbani. Mnyororo wenyewe ni rahisi: taa inamwita nondo na kumbikumbi, kumbikumbi anamwita mjusi, na mjusi akishashiba anatafuta pa kulala. Pa kulala ni ndani ya ile mashine ya eisii iliyoning'inizwa nje ukutani. Humo kuna kibao chenye nyaya na vidude, na urefu wa mjusi unatosha kabisa kuunganisha mahali pawili pasipotakiwa kuunganishwa. Anakufa papo hapo, kibao kinaungua, na mwenye nyumba anapelekewa bili inayozidi kodi ya mwezi. Nyumba za wageni huumia zaidi msimu wageni wakiisha, kuanzia Aprili hivi, kwa sababu zinafungwa miezi mizima na hakuna anayewasha kitu wala kufagia.

Kwa hiyo taa ya nje isikae juu ya kisanduku cha stima wala juu ya eisii. Isogeze mita chache. Na balbu ya rangi ya njano huita wadudu wachache kuliko nyeupe kali inayoelekea buluu. Hilo halikugharimu chochote siku unayonunua balbu.

Dondora yeye anapenda tundu. Soketi isiyotumika, mrija wa waya ulioachwa wazi, kitobo cha kutolea maji: anajaza udongo, anataga, anakwenda zake. Ukisukuma plagi hapo, miguu yake haiingii yote, inagusa kidogo tu, na mahali palipogusana kidogo ndipo panapopata moto. Mtu asimdharau mdudu huyu. Februari 1996 ndege ya abiria ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika na watu wote 189 waliokuwemo wakafa. Wachunguzi walishuku kwamba mrija wa kupimia mwendo wa ndege ulikuwa umezibwa na nyigu mjenzi wa udongo. Ndiyo sababu ndege ndogo zikiegeshwa, mirija hiyo huvalishwa vifuniko vyenye utepe mwekundu. Siku ukipita uwanja wa ndege wa Ukunda, tupa jicho.

Mende ni wa jikoni: nyuma ya friji, ndani ya saa ya maikrowevu, chini ya dikoda. Kinyesi chake na mayai yake vinashika unyevu, na unyevu ukikaa juu ya kibao cha saketi hapa pwani, pamoja na chumvi ya hewa yetu, shaba inageuka kijani. Basi, mende tumemaliza.

Panya ni habari nyingine

Mdudu anazima. Panya anachoma.

Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Asipoguguna yanakuwa marefu hadi ashindwe kula, kwa hiyo lazima agugune kitu kigumu kiasi, na plastiki ya waya wa stima iko sawasawa kabisa kwa kazi hiyo. Hali waya kwa njaa. Ananoa meno tu. Akishaivua ile plastiki, shaba mbili zinabaki uchi, zimekaribiana, darini, gizani, juu ya mbao kavu.

Na hapa ndipo pwani yetu inapokuwa na shida yake ya pekee, makuti. Paa la makuti ni zuri, linapoza nyumba, na watalii wamevuka bahari kuja kukaa chini yake. Lakini waya uliopitishwa ndani ya makuti bila bomba, ukaguswa na panya, ukatoa cheche moja… Makuti hayana subira. Upepo wa kusi ukiwa unavuma, moto wa banda moja unaruka hadi la jirani kabla ndoo ya kwanza haijajaa.

Watu wanasema, si kuna fyuzi? Si kuna swichi ya kujikata? Ipo, na iwepo. Lakini swichi ya kawaida hujikata pale mkondo unapozidi kipimo chake. Cheche ndogondogo kati ya nyaya mbili zilizogugunwa inaweza kuwaka na kuzima muda mrefu bila kufikia kipimo hicho. Ile ya kugundua stima inayovuja kwenda ardhini inasaidia zaidi, na inaweza kumwokoa mtu aliyeshika waya ulio uchi, na kazi yake huwa bora zaidi nyumba ikiwa na waya wa ardhi uliofungwa kweli. Nyumba ngapi za kupanga pale Ukunda zina waya wa ardhi uliofika ardhini? Nauliza tu.

Anayedhani hili ni tatizo la nyumba za makuti peke yake na akumbuke Fukushima, Japani. Tarehe 18 Machi 2013, miaka miwili baada ya ile ajali ya tsunami, stima ilikatika katika kituo hicho cha nyuklia na mitambo ya kupoza mabwawa ya mafuta yaliyotumika ikasimama kwa zaidi ya siku nzima. Wahandisi walipofungua kisanduku cha muda cha kugawia stima, walimkuta panya, ameungua, karibu na nyaya. Kituo chenye wahandisi wa kila aina, kikasimamishwa na panya mmoja aliyepata upenyo.

Upenyo wenyewe ni mdogo kuliko unavyodhani. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu la kuingiza penseli, milimita sita hivi. Panya mkubwa anahitaji kama milimita kumi na mbili. Kichwa kikipita, mwili unafuata. Na wa darini hapandi kwa mlango, anakuja kwa mnazi. Viota vyake viko kileleni, kwenye makuti makavu ambayo hayajapunguliwa, na kuti lililolalia paa ni daraja. Wakulima wa minazi tangu zamani hufunga bati pana kuzunguka shina ili panya ateleze. Fanya hivyo kwa mnazi wa karibu na nyumba, pangua makuti yaliyokauka, na usirundike makumbi na mabibo nyuma ya jiko. Tatizo la waya huanzia shambani.

Dawa zinazoua mwenye nyumba

Nikiwa nimekaa na mama tukiomboleza pweza, majirani wakaja na ushauri. Pwani hatukosi ushauri.

Wa kwanza: pulizia dawa ya kopo humo ndani. Aisee, usithubutu. Gesi inayosukuma dawa nyingi za kopo inawaka. Unajaza kisanduku kilichofungwa kwa gesi inayowaka, halafu swichi iliyo humo inatoa cheche, kama inavyotoa kila siku. Unataka nikueleze yatakayofuata? Na hata ukiwa umezima, dawa yenyewe inaacha mafuta yanayonasa vumbi na unyevu.

Wa pili: mafuta ya taa. Huyo hatukumjibu, tulimpa chai.

Wa tatu: vidonge vya nafthalini, vile vyeupe vya kabati la nguo. Wapo mafundi wanaoviweka. Mimi sivipendi, kwanza kwa sababu mtoto akiviona anadhani peremende, na ni sumu. Pili vinaweza kulainisha aina fulani za plastiki. Tatu vikiisha wadudu wanarudi na tundu liko pale pale.

Wa nne alikuwa kijana mwenzangu, ana simu kubwa: nunua kile kimashine cha kuchomeka ukutani kinachotoa sauti ambayo binadamu hasikii na panya anakimbia. Vinauzwa sana mtandaoni. Mwaka wa 2001 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia barua za onyo kampuni zaidi ya 60 zinazotengeneza au kuuza vimashine hivyo, ikizitaka ziwe na ushahidi wa kisayansi wa madai yao. Panya anaweza kushtuka siku mbili tatu, kisha anazoea kama sisi tulivyozoea honi za matatu. Sauti hiyo haipiti ukuta, na hata kabati inaizuia.

Wa tano ni sumu ya panya. Inaua, sikatai. Lakini panya aliyekula sumu anafia darini, juu ya kichwa chako, na asipofia darini anafia nje ambako paka wako au bundi atamla. Bundi watu wanamwogopa, wanamwita mkosi, ilhali usiku kucha anawawinda panya hao hao bila kulipwa. Mtego wa chuma na paka vinatosha nyumba nyingi.

Kazi yenyewe ni kuziba

Fundi wetu alipomaliza alichomeka friza, akakaa kwenye kigoda, akaanza kutuonyesha nyumba yetu wenyewe kana kwamba hatujawahi kuingia. Pale waya unapoingia ukutani pana tundu la kupitisha ngumi. Kile kisanduku cha swichi kina vitobo vitatu vya pembeni vilivyovunjwa siku ya kuunganishwa, waya umepita kimoja, viwili viko wazi. Soketi ya sebuleni imelegea ukutani. Alihesabu njia kumi na moja za kuingilia bila kusimama.

Ukinunua kisanduku au taa ya nje, tafuta herufi IP na tarakimu mbili baada yake. Tarakimu ya kwanza inasema vitu gani vigumu haviwezi kupenya, ya pili inasema kuhusu maji. IP20, ambayo ndiyo ya visanduku vingi vya ndani, maana yake ni kwamba kidole hakiingii. Sisimizi anaingia na mahari yake. IP44 inazuia kitu kinachozidi milimita moja. Mjusi na mende wamekwama, sisimizi wadogo wanapita. IP65 haipitishi hata vumbi. Sasa shida iko hapa: kisanduku cha IP65 kikitobolewa tundu na kupitishwa waya bila glandi, ile skrubu ya mpira inayoubana waya, hakina tena IP yoyote. Umelipia mlango wa chuma ukaacha dirisha wazi.

Tundu la ukutani, nje ya kisanduku, liziba kwa simenti au kwa wavu wa chuma uliopigwa lipu juu. Ile povu ya kopo inayofura na kukauka ni nzuri kwa upepo tu; panya anaitafuna kama mkate wa mayai. Wengine hutumia sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, na kweli panya haipendi. Lakini isikaribie ndani ya kisanduku hata siku moja, kwa sababu ni chuma, inapitisha stima, na vipande vyake hukatika na kuanguka. Halafu huku kwetu bahari inaigeuza kutu ndani ya miezi. Wavu wa chuma cha pua ni ghali kidogo, lakini unanunua mara moja.

Usizibe kila kitu. Hili wengi wanakosea. Inveta, friji, ruta na eisii zina matundu ya kupumulia, na ukiyaziba kwa kitambaa au gundi umemfukuza sisimizi na kukiua kifaa kwa joto. Hapo unaweka wavu laini, wa alumini au wa nailoni, na unaupiga brashi mara kwa mara kwa sababu vumbi likiuziba ni sawa na kitambaa. Visanduku vya nje navyo huwa na kitobo chini cha kutolea maji ya jasho la hewa. Ukikiziba maji yanabaki ndani. Wavu tena.

Kompyuta za mezani za saiba tazama mgongoni. Mtu alitoa kadi fulani mwaka juzi, kile kibati cha kuziba nafasi hakikurudishwa, na panya mdogo sasa ana nyumba yenye feni. Kibati ni hela ndogo, na ukikosa, kipande cha alumini kilichokatwa na kufungwa vizuri kwa skrubu kinafanya kazi.

Kwa wenzetu wa bara ya Kwale, Kinango na kwingine ambako sola ndiyo stima, tazameni chini ya paneli. Kivuli kile ni pazuri kwa dondora kujenga na kwa panya kuguguna nyaya, kwa hiyo nyaya zipite kwenye bomba na zifungwe zisining'inie. Lakini paneli haina swichi ya kuzima jua. Mchana kweupe nyaya zake zina stima hata kama umezima kila kitu ndani, na ukichomoa waya wa paneli wakati inafanya kazi unaweza kupata cheche ndefu inayochoma vidole. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kwa kuwa tumefika hapo: sheria ya kawi inataka anayeunganisha stima awe na leseni ya EPRA, na leseni zina madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Mita na waya unaotoka kwenye nguzo ni mali ya Kenya Power. Ukiona panya au nyoka humo, unawapigia wao, hufungui mwenyewe. Maikrowevu usiifungue hata ikiwa imechomolewa, maana ndani kuna kidude kinachohifadhi stima ya kutosha kuua. Na mkojo wa panya una vijidudu vya ugonjwa, kwa hiyo usafishe kwa glavu na maji ya klorini, si kwa ufagio mkavu, na baada ya kuzima swichi kuu.

Lakini kazi iliyobaki, na ni nyingi, haihitaji leseni. Kupangua mnazi, kuziba tundu la ukuta kwa nje, kufunga wavu wa dirishani, kusogeza makumbi, kukagua nyumba za wageni zilizofungwa na kumwita fundi mwenye leseni unapoona waya umegugunwa: Diani ina nyumba ngapi za namna hiyo? Nimeona vijana wanaogombania kusafisha bwawa la kuogelea ilhali hakuna anayebisha hodi kuuliza kuhusu dari. Anayesoma stima katika chuo cha ufundi na akawa anajua pia tabia za mjusi atakula vizuri hapa.

Mbega juu ya waya

Siwezi kuandika habari za wanyama na stima Diani nikawaruka mbega. Wenyeji huwaita kuluzu, na shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka wa 1997 likijulikana kama Wakuluzu, liko pale pale Diani kwa ajili yao. Misitu ilipokatwa vipande na hoteli na barabara, mbega wakaanza kutumia nyaya kama matawi. Anayeshika waya mmoja haumii. Anayenyoosha mkono na kushika wa pili, au akagusa nguzo, anaungua. Mara nyingine mama anakufa na mtoto anabaki amemng'ang'ania tumboni.

Tiba yake ni ile ile ya fundi wetu, ila kwa kipimo kikubwa: kukata matawi yanayogusa nyaya, kuzivisha nyaya na transfoma ngozi ya kuhami kwa ushirikiano na Kenya Power, na kutundika madaraja juu ya barabara ili mnyama apate njia nyingine. Hapo huwezi kuweka mtego wala paka. Mbega ndiye mwenyeji.

Na kama kuna anayedhani mnyama hawezi kuigusa Nairobi, tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru katika Mto Tana, akaangukia transfoma. Kituo kikajikata, megawati zaidi ya 180 zikapotea ghafla, mitambo mingine ikaelemewa, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. KenGen walisema vituo vyao vina ua wa stima wa kuzuia wanyama na kwamba tukio hilo ni nadra. Tumbili alipona. Alichukuliwa na KWS.

Friza ya mama nayo ilipona, lakini kisa hakikuishia kwa fundi. Wiki mbili baadaye nikaona msafara wa sisimizi unaelekea kule kule nyuma. Nikakumbuka kabati la chakula la bibi, miguu yake minne ikisimama ndani ya makopo ya maji, na nikafanya vivyo hivyo kwa kijukwaa cha friza, nikajipongeza. Asubuhi wamo. Walikuwa wamepita juu ya waya wa plagi, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wa Likoni wanaosubiri feri.

Nikapiga magoti na tochi kuufuata msafara mpaka mwisho. Chini ya friza, kwenye sakafu, palikuwa na bwawa dogo lililokauka, la kahawia, linalonata. Ukwaju na sukari. Kila mtoto aliyenunuliwa barafu ya kifuko kilichotoboka alikuwa ameacha tone lake, na mara nyingi nilikuwa mimi ninayezitoa bila kufuta.

Mama alisimama mlangoni na kitambaa mkononi. “Kwa hiyo,” akasema, “samaki wangu waliuawa na nani?”

Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta.